Kanga Iliyokunjwa

Lulu ni binti yangu wa kumzaa, lakini siku ile alinichezea shere. Aliniambia twende tukachore picha, jioni moja tu, kuna mwalimu wa kuelekeza na hata asiyejua kushika brashi anakaribishwa. Nafika barazani pale gesti, hapa hapa Bagamoyo, nani kakaa? Adila, wifi yangu.

Tulikuwa hatusemezani tangu siku ya posa ya Lulu. Siku ile Adila alikuja kwangu, mbele ya wageni kutoka Pangani, kajifunga kanga iliyoandikwa ADUI HANA NAFASI. Adui nani, kama si mimi? Sikumuuliza. Jina la kanga haliulizwi, mwenyewe unajijua. Nilimpita na sinia la sharubati kama simwoni. Sasa harusi ni Ijumaa, na kwetu bibi harusi hatolewi ndani ila na shangazi yake. Lulu ana shangazi mmoja tu. Asipokuja, wakwe watauliza yuko wapi, na mimi nitawajibu nini?

"Shikamoo, shangazi," Lulu alisema, akaketi katikati yetu.

"Marahaba, mwanangu." Kwangu Adila hakugeuka.

Mwalimu alikuwa Oswaldi, kijana mpole wa Morogoro. Alitugawia turubai na rangi. "Leo tunachora mwanamke kajifunga kanga, tunamwona kwa nyuma. Msiogope, mama zangu, hakuna kukosea. Pale kwenye pindo andikeni maneno yoyote mnayopenda."

Maneno yoyote! Hapo ndipo ungejua kijana hakukulia pwani. Wanawake wa mjini tulinyamaza, tukaanza kutazamana kwa pembe za macho. Wale wa bara waliohamia Mapinga ndio pekee walioendelea kucheka.

"Mama, tafadhali," Lulu alininong'oneza.

Nilimwona Adila akichota nyekundu. Akachora korosho, lile ua la kanga, moja baada ya nyingine, na manjano pembeni. Moyo ukanilipuka. Ni ile ile kanga ya posa. Mwanamke huyu hana haya, nikasema moyoni, kaja kunitukana tena, safari hii kwa rangi. Dawa ya moto ni moto. Nikaandika kwa herufi kubwa nyeusi: KARIBU KWANGU, FITINA IACHE MLANGONI.

"Malizieni," Oswaldi alisema. "Kisha kila mtu atainua picha yake wenzake waione."

Nilimtupia jicho Adila. Alikuwa anaandika taratibu, kauma midomo. WAWILI WAKIPENDANA, ADUI HANA NAFASI.

Nikasoma tena. Siku ya posa alikuwa kaikaza kanga kiunoni, na nusu ya maneno ilifichwa na mkunjo. Wawili ni Lulu na mchumba wake. Kumbe alikuja kuwatakia heri, nami nikampita na sinia.

Aibu ilinikaba. Nikachovya brashi kwenye nyekundu, nikachora mkunjo mpana juu ya fitina na mlango wake, yakabaki KARIBU KWANGU. Kwa haraka, rangi ikanidondokea kwenye dera.

"Haya, inueni," Oswaldi alisema.

Lulu alifumba macho. Nikainua. Adila aliinama kuitazama picha yangu, akakawia. Rangi ilikuwa mbichi, na herufi nyeusi zilikuwa zinajitokeza chini yake.

"Kanga yako ina mkunjo," alisema.

"Hata yako ilikuwa nao, siku ya posa. Mimi nilisoma upande mmoja. Nisamehe, wifi."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Nikajua Ijumaa imeniponyoka, na ni kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikasikia kiti chake kikiburuzwa. Alimzunguka Lulu, akaja kusimama kando yangu, akanipokonya brashi.

"Fitina bado inaonekana," alisema, akichovya nyekundu. "Hebu shika turubai vizuri, wifi."