Mnyororo wa Mwalimu Loisi

Baiskeli ya Mwalimu Loisi niliisikia kabla haijafika kona ya soko. Mnyororo ulikuwa ukisaga kama jiwe kwenye uwele, na mimi, Kefa, fundi wa baiskeli kwenye baraza la duka la Hasanali, naanza kujifuta mikono na kutafuta pa kuutazamisha uso. Ilikuwa mwaka 1954. Kila Jumamosi Dodoma nzima ilijua kwamba mwalimu wa wasichana kutoka Mkonze ameingia mjini.

"Habari za wiki, fundi? Imeanza tena."

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya kondoo."

Hapo ndipo nilipokuwa nikiwaka. Sisi Wagogo mafuta ya kondoo ni kila kitu: ngozi ya mtoto, bawaba za mlango, viatu vya kanisani. Wateja wangu karibu wote waliyapaka kwenye mnyororo pia. Vumbi letu likishanasa humo, kila ukikanyaga pedeli unasaga chuma kwa mchanga. Nimesema mara ngapi? Mwalimu mzima, hesabu unafundisha, mnyororo unakushinda!

"Basi nifundishe tena," anasema, na kukaa juu ya gunia la chumvi.

Namfundisha tena. Fungua mnyororo, uloweke kwenye mafuta ya taa, sugua kila kiungo kwa brashi, anika juani, halafu tone mojamoja la mafuta ya cherehani, na ufute yanayobaki. Ni kazi ya saa moja. Mimi niliifanya kwa saa tatu. Yeye alinisimulia habari za wanafunzi wake, mimi nimeinamisha kichwa, najibu kwa mkato. Nilimpenda, Mungu ndiye shahidi, na nilikuwa na mpango wa kutuma mshenga baada ya mavuno. Mavuno yakawa mabaya, nikasema mwakani.

"Kefa," Hasanali aliniambia siku moja, "mimi nina mafundi wawili barazani. Mwingine anafanya kazi nzuri tu, na bei ni ileile. Mbona mwalimu hamwendei?"

Nikamwambia auze sukari yake.

Jumamosi moja ya Septemba, baraza limejaa watu, nikapitiliza. Nilisema mtu asiyesikia asipande baiskeli, apande punda. Watu wakacheka. Loisi hakucheka. Alisimama, akauokota mnyororo ungali unachuruzika mafuta ya taa, akaufunga kwenye khanga yake nzuri na kuisukuma baiskeli mpaka ikapotea.

Kutoka mjini hadi Mkonze si mbali, kwa miguu asubuhi unafika jua halijakuwa kali. Sikwenda kuomba radhi. Nilijiambia, atakuja tu, vumbi litamleta. Jumamosi zikapita. Kila mnyororo uliolia kwa mbali ulinisimamisha wima, spana mkononi, kumbe ni muuza maziwa, kumbe ni tarishi wa boma. Nilikonda. Mvua zikaja, mavuno yakawa mazuri, na mshenga nilimpata, mjomba wangu. Nikamwambia asubiri kwanza baiskeli ije.

Ikaja mwezi wa sita, bila kelele za mnyororo. Aliisukuma mwanamume mpole mwenye koti la stesheni. Niliitambua kwa kiraka nilichokipiga mwenyewe kwenye bati la gurudumu la nyuma.

"Naitwa Nikodemo, karani wa reli," alisema. "Inagonga, tak, kila mguu wa kushoto unaposhuka."

Ilikuwa pini inayoshika mkono wa pedeli, imelika. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mnyororo. Kila kiungo kiling'aa, na tone la mafuta limefutwa lilipopaswa kufutwa. Hata mimi sisafishi hivyo.

"Nani alisafisha?"

"Mke wangu, Loisi. Tumefunga ndoa baada ya Pasaka."

Nikaiweka nyundo chini. "Nani alimfundisha?"

"Marehemu baba yake alikuwa fundi karakana ya reli. Tangu msichana mnyororo ni kazi yake."

"Na mafuta ya kondoo?"

Nikodemo alicheka kwa moyo mweupe. "Loisi? Na vumbi hili? Angemfokea mtu kijiji kizima kikasikia!"

Nilipiga pini mpya nikakosea, nikajigonga kidole, na nilishukuru kwa maumivu yale maana machozi yalipata sababu. Jumamosi ngapi alikaa asubuhi kuuchafua mnyororo kwa mikono yake, apate kuja kutukanwa na mimi?

"Pini mpya hulegea siku za mwanzo," nilimwambia. "Irudishe wiki ijayo. Au mwalimu mwenyewe ailete."

"Hatutakuwapo, fundi. Nimehamishiwa Tabora, tunaondoka na treni ya Alhamisi."

Basi nikachukua spana yangu, nikaanza kumwonyesha jinsi ya kuikaza. Akanishika bega kwa upole.

"Usijisumbue, ndugu yangu," akasema. "Nyumbani yupo anayejua."