Kivuli cha Mnazi wa Siwema

Usiku wa jana niliota betri imeletwa nyumbani kwangu Chamazi imefunikwa kanga gubigubi, kama mwali, imebebwa na wanaume wanne waliokuwa wakitembea polepole ili isitikisike. Nyuma yao alikuja mama mmoja mnene nisiyemjua, amevaa miwani ya jua. Akasema yeye ni somo wa betri na kwamba hakai kitako mpaka apewe maji baridi.

Nikampa. Ndotoni mimi ni mpole kuliko nilivyo.

"Mwali wetu haguswi na mtu," akasema, "mpaka anywe jua ajae. Ukimtuma kabla hajajaa, atakuwekea kinyongo maisha yake yote."

"Hata fundi Komba kaniambia hivyohivyo."

"Komba tumemfunda sisi," akasema yule mama, akarudisha glasi.

Hapa niseme Komba ni nani, maana yeye si wa ndotoni. Ni kijana wa Songea anayenifungia sola. Jana mchana alipanda juu ya bati, akazunguka na simu yake akitafuta kaskazini, akashuka na sura ya daktari mwenye habari mbaya. Paneli zitakaa vizuri, alisema, ila ule mnazi upande wa mashariki ukatwe. Kila asubuhi kivuli chake kinapanda juu ya bati, na kivuli kikigusa paneli moja, zote zinadhoofika. Angekuja asubuhi na msumeno. Nikamwambia sawa, kisha chakula kikanishinda.

Mnazi ule ni wa binti yangu, Siwema. Alipozaliwa, marehemu mama yake alikizika kitovu chake pale, akapanda mche juu yake, wakakua pamoja mpaka mnazi ukamwacha kwa urefu. Sasa Siwema ana mimba ya kwanza na anakuja kujifungulia nyumbani, kama ilivyo desturi. Ila mama wa kumpokea hayupo. Nipo mimi, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi hata kupika uji ukakubali kuwa uji. Chumba chake ndicho chenye joto kuliko vyote, umeme nao hukatika siku ile ile unayouhitaji, na mzazi na kichanga hawawezi kulala mle bila feni. Kwa hiyo nimenunua sola kwa ajili ya Siwema, na ili sola ifanye kazi, niukate mnazi wa Siwema. Mwenye kuliona jambo hili limekaa sawa aje anielezee.

Turudi kwenye betri.

Somo anafunua kanga kidogo, uso wa betri unaonekana. Ni uso wa kawaida wa betri. "Nani na nani watakula kwangu?" betri inauliza, na hapohapo vyombo vyangu vyote vinatoka vilipo na kupanga foleni sebuleni, bila kusukumana, jambo ambalo sikulitegemea kwa vyombo vya nyumba yangu.

Friji linatangulia. "Mimi nakula kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha."

"Una watoto?"

"Nina samaki."

"Kaa hapo."

Inakuja pasi. Betri inaitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye unayemaliza sufuria nzima kabla wenzio hawajanawa mikono. Rudi kwenye mkaa."

Pasi inaanza kulia mvuke. Hakuna anayeibembeleza.

Cherehani langu halikupanga foleni. Limebaki kwenye kona yake likijitazama kucha. "Mimi sina shida na mtu," linasema. "Mimi naendeshwa na miguu ya mzee huyu."

"Na mzee anaendeshwa na nini?"

"Chai."

Wakacheka wote, hata pasi. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli.

Mwisho kabisa inakuja feni, mpya, bado ina nailoni yake, inaona haya. "Mimi ni wa Siwema," inasema. Friji linasogea, runinga inasogea, somo mwenyewe anavua miwani. "Mpisheni," betri inaamuru. "Huyu atakula kabla yenu wote."

Feni haisogei. "Lakini nimesikia kuna mnazi," inasema kwa sauti ndogo.

Basi wakanigeukia. Friji likasema samaki wataoza na damu yao itakuwa juu yangu. Runinga ikasema taarifa ya habari haitangoji. Zikapigwa kura, mnazi ukatwe, na pasi ikapiga kura mbili ingawa ilikuwa imekwishafukuzwa. Nikaenda kulifunga mlango friji ili angalau huyo mmoja anyamaze. Nikauvuta, na mimi huyo niko juu ya bati.

Ni asubuhi. Paneli zimejipanga, hakuna hata moja iliyofungwa boliti. Zimesimama safu kuelekea kaskazini, na hapo ndipo ninapogundua jambo ambalo jana nilimwona Komba akilitafuta kwa simu wakati mimi nalijua tangu utotoni. Kaskazini yake ndiyo kibla yangu. Ni ukuta ule ule ninaouelekea kila siku sebuleni.

"Nyoosheni safu," inasema paneli iliyo pembeni, iliyo kubwa kwa wenzake. "Jazeni nafasi."

Zinasogeleana bega kwa bega. Navua kandambili, naziweka kwenye ukingo wa bati na kutulia. Jua linapanda, paneli zinalipokea zimeinamisha vichwa, na chini yangu nasikia nyumba inaamka, taa moja, taa nyingine, feni ya Siwema inaanza kuzunguka. Nilifurahi jamani. Nilifurahi mpaka nikataka kumwita marehemu aje aone.

Ndipo kivuli cha mnazi kikapanda.

Kilipanda kwa kupitia mfereji wa maji ya mvua, chembamba, kirefu, nywele za makuti zimetawanyika. Kikagusa paneli ya mwisho, ncha tu. Paneli ikazimia. Na zote zikaanguka pamoja nayo, safu nzima, kama ndugu waliopokea msiba kwa simu moja. Huko chini taa zikazimika na mwali wetu, betri, akaangua kilio.

Komba anatokea juu ya ngazi, msumeno mkononi. "Mzee wangu, neno lako tu."

"Na mimi sina ugomvi na mtu," msumeno unasema. "Nafuata mstari."

"Ngojeni," nasema. Nimekasirika, na hasira zangu nazimwaga kwenye kivuli. "Wewe! Huna adabu? Unapita mbele ya watu wanaosali?"

Kivuli kinajifunika uso kwa makuti. Kisha kinasema, "Baba Siwema, unadhani napenda? Mimi nimelelewa. Mama Siwema alininywesha maji ya kuoshea mchele kwa mkono wake. Lakini kila asubuhi jua linanisukuma mgongoni, naangukia hapahapa. Nionyesheni pengine pa kulala, nahama leo."

Namtazama Komba. Komba anautazama msumeno.

"Kusema kweli," anasema Komba, "sijawahi kukiuliza."

Tukaanza kutafuta. Uani hakitaki, kuku wanakidonoa. Kwa jirani nikakataa mimi, kwani na yeye anadunduliza fedha za sola. Kwenye kibaraza kinasema watu watakikalia. Jua linazidi kupanda, paneli zimelala chali, msumeno unajinong'oneza mstari wake, na mimi najiuliza nikishindwa hapa nitamwambia nini mtoto wangu akishuka kwenye basi na kutazama juu.

"Kuna chumba kimoja," nikasema. "Kina kitanda na godoro jipya. Ila atalala mzazi."

"Mzazi gani?"

"Siwema."

Makuti ya kivuli yalitikisika ingawa upepo haukuwepo. "Anakuja?"

"Anakuja kujifungua."

"Basi nitalala upande wa ukutani," kikasema. "Sitamsumbua. Na kitovu cha mtoto?"

"Chako," nikasema. "Cha nani tena?" Nikalia mbele ya Komba bila kuona aibu, machozi ya miezi yote ambayo nimekuwa nikijifanya naweza kuwa mama.

Nikakikunja kivuli jinsi ninavyokunja kitambaa cha suti, pindo kwa pindo, nikakitia begani, nikashuka nacho ngazi. Kilikuwa kizito kidogo na cha baridi. Nikakilaza ukutani, nikashusha chandarua. Juu nikasikia, "Nyoosheni safu."

Nikaamshwa na kelele za Komba, Komba wa kweli, yuko juu ya bati na jua limeshakuwa kali.

"Mzee wangu! Hebu toka uone! Hiki kivuli cha jana kimekwenda wapi?"

Sikutoka. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha Siwema. Saa kama hizi mle huwa huingii, dirisha linatazama mashariki na bati linatoa moto. Nikafungua mlango, ubaridi ukanipiga usoni, ubaridi wa chini ya mti. Chandarua kilikuwa kimeshushwa. Juu ya godoro, upande wa ukutani, kilikuwepo kidaka kimoja cha nazi, kibichi, kimetoka kudondoka.

"Mzee!" Komba ameshashuka, yuko mlangoni na feni mkononi. "Msumeno naurudisha kwenye gari. Hii naifunga humu, sivyo?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, ukingoni kabisa.

"Ifunge," nikamwambia. "Ila ingia polepole. Kuna mtu amelala."