Mwanandani wa Mzee Shariff

Haya alinihadithia shemeji yangu Miraji mwaka niliokuja kuolewa Nakuru, siku lori lilipotuharibikia Mai Mahiu tukashinda barabarani. Yalitokea mwaka wa hamsini na nne.

Baba yake, Mzee Shariff, fundi wa kushona aliyetoka Pate, alifariki alfajiri. Usia wake ulikuwa mmoja: asizikwe kwenye shimo tupu. Achimbiwe mwanandani, ile nafasi inayokatwa ubavuni mwa kaburi, chini kabisa, maiti akalazwa humo udongo usimwangukie. Miraji alimshika mkono akaitikia.

Basi akaenda makaburini, kwenye mteremko wa kushukia Ziwa Nakuru, pamoja na jirani yao Obura, mchimba vyoo. Walichimba mpaka usawa wa kifua. Lakini kila Miraji alipoukata ubavu, ukuta ulimwagika kokoto, kama gunia la maharagwe lililopasuka.

"Hii kaburi inatutapikia," Obura akasema. "Mzee alikuwa mbishi akishona, hata kuzikwa anabisha!"

"Na hiyo suruali uliyovaa, nani alikushonea?"

"Si ni yeye? Ndiyo maana inanibana mpaka leo."

Mzee Dualeh wa msikitini akaja, akachungulia. "Miraji, mchanga kama huu dini imeruhusu shimo la katikati, bila mwanandani. Jeneza linafika baada ya alasiri. Usimcheleweshe baba yako."

Alisema kweli, na Miraji alijua. Ila ule mkono alikuwa ameushika yeye.

Akaokota kokoto. Ilikuwa bapa, laini, na katikati ya zile kokoto mlikuwa na vikonokono vyeupe. Utotoni Pate alichezea za namna hiyo. Maji ndiyo huzisugua hivyo.

"Obura, hapa palikuwa ufuo."

"Ufuo gani? Ziwa si lile kule chini?"

"Lilifika huku. Liliporudi, udongo ukafunika."

"Sasa utauhamisha?"

"Nataka nione unaishia wapi."

Wakateremka kwenye korongo lililokuwa karibu. Ukutani mwake zile kokoto zilifanya mstari uliokwenda usawa wa kiuno kama pindo la shuka, kisha ukakatika ghafla penye ufa. Ng'ambo ya ufa uliendelea, ila chini sana, karibu na miguu yao, na juu yake udongo wa kijivu ulikuwa umejaa kupita kimo cha mtu.

"Ardhi ilikatika, upande wa ng'ambo ukashuka," Miraji akasema. "Kule kaburi halitazifikia kokoto."

"Subukia ilipasuka hivyo hivyo mwaka wa ishirini na nane. Babangu aliona."

Wakalifukia shimo la kwanza, wakahamia ng'ambo ya ufa. Udongo ule ulikatika kama sabuni ya mche. Mwanandani ukasimama. Miraji akaingia, akalala mwenyewe kuupima.

"Toka huko!" Obura akafoka. "Mwenyewe anakuja!"

Kweli, jeneza lilikuwa likiteremka njia. Wakamzika kabla ya magharibi.

Baada ya isha, mama yake, Bi Kuluthum, aliyekuwa ameshaingia eda, akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu, umemlaza alivyotaka?"

"Nimemlaza, mama. Haikumwangukia hata punje."

"Haya. Alhamdulillahi."

Akamsikia anageukia ukutani, na punde pumzi yake ikatulia. Miraji akanawa miguu, akatandika mkeka ukumbini, na mikono yake ikiwa bado inauma, akalala.