Mlalo na Mlazo

Nilimwambia mchonga mawe kwa mdomo wangu mwenyewe, "Jina la marehemu mume wangu liwe la mlalo, kwenye mstari mmoja." Yeye akasikia mlazo. Jiwe la kaburi lilipofunuliwa, herufi zote zilikuwa zimeinamia kulia, nyembamba, kila moja na vijiguu vyake.

Shemeji yangu akashika kiuno. "Fundi, kaka yangu hakuwahi kuonja pombe hata siku moja. Mbona umemwandika anapepesuka?"

"Hiyo ndiyo hati ya mlazo, mzee. Kwenye vitabu hutumika neno likitaka heshima yake."

"Heshima gani ya kuegemea? Vunja, uchonge lingine!"

Wakanigeukia mimi, maana neno la mwisho lilikuwa langu. Nikamwomba Mungu hekima, kisha nikalitazama lile jiwe bila haraka. Mume wangu mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi. Miaka thelathini na mmoja nilimfuata kanisani kila Jumapili, yeye mbele, ameinamia kulia vilevile, akinihimiza, "Mama watoto, tunachelewa!"

Kicheko kikanitoka palepale makaburini, Mungu anisamehe.

"Liacheni," nikasema. "Ni yeye kabisa."

Shemeji akanung'unika, "Basi mimi siku yangu ikifika, mniandike wima."

"Wewe, shemeji, kwa usingizi wako ule, hapo ndipo mlalo utakapofaa."