Kazi ya Shangazi

Kwetu Bukavu, msichana hufundishwa mambo ya mwili na shangazi yake. Kwa hiyo shule ya Columbus, hapa Marekani, ilipomtumia wifi yangu Bulonza karatasi za kuruhusu binti yake Séphora na kaka yake Elie wasome somo hilo, hakutia sahihi. Alinipigia mimi, huku Buffalo.

"Wifi, fanya kazi yako. Mufundishe mutoto kwa simu."

"Bon, sawa. Mimi nilifundishwa kunyamaza na kuvumilia. Nikavumilia ngumi za mume mpaka meno mawili yakang'oka. Nimufundishe hayo?"

Bulonza akaleta sababu nyingine. "Lakini mwalimu anasema hata mwanaume anayependa mwanaume asichekwe."

"Na wewe, walipocheka Kiingereza chako, ulifurahi?"

Séphora akadaka simu. "Shangazi, tutafundishwa pia kusema hapana."

Nilikaa kitako. Miaka hamsini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naweza kulisema neno hilo.

"Mupe mama simu. Bulonza, tia sahihi. Na ya Elie pia."

"Elie? Wavulana hawafundishwagi mambo haya!"

"Najua, mama. Niliolewa na mmoja wao."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha nikamsikia akiwauliza watoto kalamu iko wapi.