Fungu la Babu

Nilikuwa napitisha uzi kwenye tundu la sindano nilipomsikia mjukuu wangu akimwambia mjomba wake kwenye simu, "Fungu la babu nimeshalitengeneza. Na wewe nimekupa ruhusa."

Uzi ukanitoka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na alichoniachia ni kibanda hiki na sanduku la karatasi za kukatia nguo, sitini na mbili, za makoti na sare. Hizo ndizo zinazonilisha. Fungu gani tena, nami sijafa?

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nikakumbuka jinsi mjukuu wangu alivyokaa siku tatu akipiga picha karatasi moja moja, akisema anazihifadhi. Nikakumbuka pia alivyosema sanduku lenyewe tulichome moto, mende wamelimaliza.

Nikasogeza kigoda nyuma yake. Kompyuta yake haikuwa na picha za kubonyeza kama za watu wengine. Kulikuwa na dirisha jeusi tu: anaandika mstari, anabonyeza, jibu linakuja. Nilipouliza kwa nini hatumii picha, akasema kuandika amri ni haraka zaidi, na kwa kuwa karatasi ni nyingi amejitungia programu ya kuzipeleka zote kwa mkupuo. Ameiandika kwa Paitoni. Nikamuuliza maana yake, akacheka, akasema ni chatu.

Nikasogeza kigoda karibu zaidi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume wetu ulimzalia lini, hata unagawa mafungu?"

Alicheka mpaka alipoona uso wangu. Ndipo akanieleza, polepole, kwamba fungu hilo ni kama chumba cha kupanga kwenye mitambo ya kampuni fulani huko mbali. Wao husema mawinguni. Picha za karatasi zinakaa humo, na wenye ruhusa wanazifungua kwa pamoja, kila mtu kwenye kompyuta yake. Mjomba, anayeshona sare mji mwingine, anasoma tu. Yeye na mimi, kwa kompyuta hii, tunaweza na kuandika. Hakuna aliyegawa kibanda.

Nilimsikia. Kusikia si kuamini. Nikamwambia anionyeshe walioruhusiwa.

Akaandika amri, ikaja orodha ya mistari mitatu, yote namba, maana kila kompyuta ina namba yake. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini namba nazijua, futi ya kupimia imenifundisha. Wa kwanza, akasema, ni kompyuta hii. Wa pili ni mjomba. Kisha akapeleka mkono kufunga kompyuta.

"Na huyo wa tatu, mwenye sifuri tupu?"

Mkono ukabaki hewani. Akainama kusoma, akasoma tena.

"Bibi," akasema, "huyo ni kila mtu."

Siku ya kujaribu programu yake mlango wa chumba kile cha mawinguni uligoma, basi akaandika sifuri ili yeyote, kutoka popote, aweze kuingia, aone kama shida ni mlango au ni programu. Programu ikafanya kazi, akafurahi, akasahau. Mimi hilo nalielewa. Nguo huipigi bandi ukampa mteja bila kuutoa ule uzi wa muda.

"Kusoma, au na kuandika?"

"Na kuandika."

Yaani hata kufuta. Aliufuta mstari ule mbele yangu, akaitisha orodha tena, ikaja mistari miwili. Nikavuta sanduku kutoka mvunguni mwa meza, tukalinganisha karatasi na picha, kola kwa kola, mkono kwa mkono, mpaka adhuhuri. Sitini na mbili zilikuwemo, hakuna iliyoguswa. Ila kama kuna aliyeingia akasoma akaondoka, karatasi hazisemi.

Aliniomba radhi. Nami nikamwomba yangu, maana nilikuwa natafuta mwizi, kumbe nyumbani mna msahaulifu.

Sanduku halichomwi. Nimelitia kufuli, na ufunguo uko shingoni mwangu. Na kila asubuhi, kabla ya chai, ananisomea orodha ya wenye ruhusa. Anasema, "Ni wawili, bibi." Mimi navaa miwani, nahesabu mwenyewe.