Picha ya Samson Kwenye Gari la Twalibu

Jamani, Watanzania wa Houston wakishaunda kamati, usijaribu kuwazuia. Wewe toa mchango wako, kaa pembeni, subiri pilau. Kamati ya harusi, kamati ya msiba, kamati ya kumpokea askofu, mwenyekiti wa zote ni mmoja tu: Twalibu, yule mwenye biashara ya kusafirisha mizigo kwenda Dar, ofisi yake iko Missouri City. Kipaimara cha mwanangu alikiendesha yeye, Mwislamu wa swala tano, na kuku walitosha mpaka wakabaki.

Basi Agosti ya mwaka 2019 akaunda kamati ya Samson. Samson ndiye mwanangu wa pekee. Tulimleta hapa Pearland, pembeni ya Houston, akiwa bado mtoto wa mgongoni, leo mlango wa jikoni anapita kiubavu. Alikuwa anaingia mwaka wa pili kwenye chuo kimoja kule Dallas, anasomeshwa bure kwa sababu ya mpira. Si mpira wetu. Huu wao umechongoka huku na huku, unashikwa kwa mikono, halafu wanauita wa miguu. Kazi ya Samson ni kumkimbiza aliyeushika na kumlaza chini. Nyumbani hata mende anaogopa kumkanyaga! Mimi nesi, kila akimwangusha mtoto wa watu nasimama kuangalia kama anapumua.

Twalibu alikuwa amepita Dallas kwenye shughuli zake akakuta uso wa Samson kwenye bango la barabarani, mkubwa kuliko nyumba, chini yake wameandika watu wawahi tiketi. Akarudi Houston hajielewi kwa furaha.

"Mama Samson," akanipigia, "mtoto yuko kwenye bango halafu anapanda basi? Hiyo aibu ni yetu sote."

Mimi nikadhani wanaandaa chakula cha kumpongeza kabla msimu wa mechi haujaanza. Nikasema haya. Mume wangu Kamugisha akasema huyo Twalibu ana jambo lake, nikamwambia anywe chai yake ikiwa ya moto.

Siku ya shughuli ukumbi ulijaa hadi Wakenya wa hospitalini kwetu. Samson tulimdanganya kwamba kuna ubarikio, akaja na suti. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa kamati inamtunza kijana wetu!" Muziki ukafunguliwa, akina mama wakapanga mstari, vitenge sare, wanakuja kwa madaha, mbele yao Twalibu ana sinia limefunikwa kitambaa. Kitambaa kikafunuliwa. Ufunguo wa gari! Ukumbi mzima vigelegele, na mimi nikapiga changu, kwa nini nisipige?

Samson akaweka mikono nyuma.

"Mtoto ana adabu huyo!" mshereheshaji akapaza sauti. "Anaona haya! Msogeleeni!"

Wakamsogelea. Samson akarudi nyuma, wao wakasonga, akarudi tena, kijana anayeangusha madume ya Texas anakimbizwa na akina mama wenye noti vidoleni. Mama mmoja akafaulu kumbandika noti kwenye paji la uso, akaikung'uta utasema amebandikwa kaa la moto. Mwisho akaikalia keki. Watu wakacheka hadi machozi. Mimi nikamwona macho, nikajua hapa hakuna mchezo, nikamvuta jikoni.

"Mama, nani amewaambia wafanye hivi?" Anajipangusa keki kwenye suti. "Mimi ni mchezaji wa ridhaa. Siruhusiwi kupokea kitu kwa sababu ya mpira. Gari, hela, hata chakula cha bure hotelini, no. Nikipokea sichezi tena. Nisipocheza, skolashipu kwaheri."

"Chakula?"

"Mama, chakula! Wewe na baba tu ndio mnaweza kunipa vitu. Halafu umeona gari la anko huko nje?"

Nikatoka nje. Mungu wangu. Gari la mizigo la Twalibu, ubavu mzima ni Samson, na jezi yake, anacheka, juu yake maandishi mekundu: TWALIBU MIZIGO, HAKUNA ANAYETUPITA.

Asubuhi yake Samson akapiga simu chuoni kujieleza mwenyewe. Mama mmoja wa ofisi ya kanuni za wachezaji akaongea nasi, sauti tamu ya kubembeleza mgonjwa. Akasema Samson amefanya vizuri kutogusa ufunguo. Ila picha ile inatangaza biashara ya mtu, na picha ya mchezaji haitangazi biashara ya mtu. Iondoke kabla ya mechi ya kwanza Jumamosi, la sivyo Samson anasimamishwa.

"Na lile bango la Dallas?" nikamuuliza.

"Lile ni letu," akajibu.

Nikafunga safari hadi Missouri City kwa hasira, mkanda wa gari nimeukumbuka katikati ya njia. Twalibu nikamkuta uani anapakia mapipa ya mizigo ya watu.

"Kaka Twalibu, bandua hiyo picha."

"Haibanduki."

"Nini kinachofanya isibanduke?"

"Moyo wangu." Akacheka, mimi sikucheka. "Nyie Wahaya mnapenda sifa, leo sifa imewafuata hadi mlangoni mnaikimbia? Chuo kinauza tiketi kwa sura ya mtoto wetu. Kocha wake anaishi kama mfalme. Mimi niliyewapokea uwanja wa ndege, mtoto akanitapikia shati, nikimweka kwenye gari langu nimekuwa mwizi?"

Na hapo, haki ya Mungu, alikuwa anasema kweli tupu. Ndiyo maana nikazidi kupandwa na hasira, nikachukua kisu cha kukatia kamba za mizigo, nikaenda kwenye gari, nikaanza kukwangua mwenyewe.

Ile stika ilikuwa imegandamana na bati kama ukoko. Nikakwangua, likatoka sikio. Nikakwangua, kikatoka kipande cha shavu. Wateja wameacha kufunga mapipa yao wananitazama. Nikafika kwenye jicho, mkono ukagoma. Mwanangu ananiangalia, na mimi nina kisu. Nikaketi kwenye bampa nikalia, sikujali nani ananiona.

"Kaka," nikamwambia, "nakuomba. Wengine wanafukuzwa kwa wizi. Wangu afukuzwe kwa sababu tunampenda?"

Twalibu akaingia ndani, akarudi na drya ya nywele ya mkewe na waya mrefu wa umeme. Akaanza kupuliza ule moto kwenye stika, gundi ikalainika, mimi nikawa navuta. Tulipofika kidevuni akasema tu kwamba habari ya drya mkewe asiambiwe.

Likabaki lile gari la kamati, la ufunguo wa kwenye sinia; nikataka liuzwe, kila mtu arudishiwe chake. Kurudisha mchango ndiyo ilikuwa vita yenyewe, maana mchango wa Mtanzania ukiurudisha umemtukana yeye na ukoo wake. Jerioth, Mkenya tunayefanya naye kazi wodi moja, alinikatia simu. "Unanirudishia pesa? Kwani mimi nimekukosea wapi, wewe?" Siku hiyo hatukula pamoja, na yeye ndiye huwa analeta chapati. Mwisho kamati ikakaa ikaamua gari lipewe Precious, binti wa kwaya yetu, anasomeshwa chuo hapa Houston kwa kuimba. Precious akauliza ofisi yao kama anaruhusiwa. Wakamwambia hongera, endesha salama.

"Kuimba ruksa, kuangusha watu hapana," Kamugisha akasema. "Nilimwambia huyu mtoto aingie kwaya."

Ijumaa jioni mama wa ofisi ya kanuni akapiga: wameona picha za gari likiwa jeupe, Samson atacheza. Nilipiga kigelegele nikiwa kazini, mgonjwa wa kitanda cha dirishani akadhani kuna mtu anazaa, akauliza kama mtoto ametoka salama.

Jumamosi tukaenda Dallas, mimi, Kamugisha na Twalibu, tiketi tumekata kwa hela zetu. Sikuelewa kitu, lakini kila Samson alipomlaza mtu watu elfu na elfu walisimama wakipiga kelele, na Twalibu akawa anawageukia wasiomjua na kuwaambia kwa Kiswahili, "Wetu huyo! Wetu!" Wakampigia makofi na yeye. Walishinda.

Tukamsubiri nje ya geti, penye vibanda vya vyakula na kofia. Samson akatoka ameoga, kidevuni ana mkwaruzo, akanikumbatia nikapotea mwilini mwake. Akamsalimia baba yake, kisha akamgeukia Twalibu akainama kidogo.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, baba. Umetuheshimisha." Na mkono wa Twalibu ukawa tayari umeingia mfukoni, umetoka na noti iliyokunjwa, vile anavyompa kila Idi tangu akiwa mdogo. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. "Shika, unywe soda."

Samson akarudi nyuma hatua, akatazama kulia na kushoto. "Anko, siwezi. Samahani. Hata ya soda."

Twalibu akabaki na noti yake hewani. Mzee mzima, mwenyekiti wa kila kitu, hajui aiweke wapi. Niliumia, niseme ukweli, niliumia kuliko siku ile ya stika. 

Kando yetu palikuwa na kibanda cha chuo cha kuuza jezi. Zimetundikwa nyingi, na safu ya mbele yote ni namba ya Samson. Jina hawaweki, ni namba tu. Watoto wa Kizungu wamejipanga na baba zao. Twalibu akaenda akapanga foleni nyuma yao, akaonyesha kwa kidole jezi ya Samson, akatoa ile noti. Haikutosha. Akaongeza nyingine, na nyingine tena.

Samson akasimama akizitazama noti zikiingia kwenye droo ya chuo, hadi muuzaji alipoifunga.

"Asante, anko," akasema.